Pini ya Baba Mdogo

Baba Nafula wangu,

Mulembe, mulembe sana.

Aliyekuletea bahasha hii unamjua kuliko ninavyomjua mimi. Kabla hujaifungua, mkaribishe ndani, mpokee koti, umpikie chai ya maziwa yenye majani ya kutosha, maana huku Uarabuni tunakunywa maji ya rangi tu. Usimwulize habari za kazi. Ukimwuliza atakuambia "kazi ni sawa" na mazungumzo yataishia hapo, si unamjua? Akishajinyoosha kidogo, wewe nenda ukakae nyuma ya duka usome pole pole. Ni Baba Mdogo mwenyewe aliyeniambia niandike. Mimi nilitaka kukueleza kwa simu, akakataa. "Mambo ya simu hukatika katikati," alisema. "Andika. Na usinifichie kitu."

Basi sitaficha.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kile kikohozi cha vumbi kimeniachilia. Joto ndilo halina huruma; ukitoka nje saa sita unahisi mtu amekufungulia mlango wa jiko usoni. Wewe je, mgongo? Umeacha kubeba magunia ya mbolea peke yako, ama bado unajiona kijana wa sekondari? Nimesikia mvua imeanza vizuri Trans-Nzoia na watu wanapigana vikumbo dukani wakitafuta mbegu. Najua unafunga duka ukiwa umechoka, hata kula unasahau. Kula, tafadhali.

Na picha ya Nafula nimeiona. Nimeionyesha kila mtu hangani, kwenye karakana yetu ya ndege, hata wale wasiouliza. Lakini Baba Nafula, hizo nywele ni nani alisuka? Usiniambie ni wewe. Mstari mmoja unaenda Eldoret na mwingine unaenda Kapenguria! Nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuangalia kuna nini. Halafu nikalia kidogo, sitakudanganya, kwa sababu nilikuona umekaa kwenye kile kistuli na kitana mkononi, mtoto akikuambia unamvuta. Jirani yetu Mama Zuhura aliniambia pia kuhusu yule mtu wa sokoni aliyekucheka ati umegeuzwa yaya, na wewe ukamjibu kwamba mke wako anatengeneza ndege, wake yeye anatengeneza nini? Aki wewe! Asante. Huwa nakushukuru kwa haraka haraka kwenye simu, leo acha niiandike mahali itakaa. Asante sana.

Sasa yaliyotokea.

Unajua tunavyoishi huku mimi na Baba Mdogo. Tuko hanga moja, zamu moja. Yeye ndiye aliyekusomesha baba yako alipofariki, na yeye ndiye aliyenitaja kwa wakubwa wa huku nilipokuwa nimekaa na cheti changu cha ufundi wa ndege nikipima mbegu dukani. Kwangu mimi ni baba mkwe kamili. Na kwetu baba mkwe hapewi mkono. Hukalii kiti alichotoka kukalia. Hamkutani mahali pembamba. Mama yangu alinifunza hivyo kwetu Kamukuywa, mama yako akakazia kwenu Tongaren, na kupanda ndege hakukubadilisha neno. Akiingia kantini kwa mlango huu, mimi natokea ule. Akiwa kwenye ngazi, mimi nasubiri chini. Asubuhi wenzetu wanagongana mikono, sisi tunainamiana vichwa kwa mbali. "Mulembe, baba." "Mulembe, mama." Basi, kila mtu anaenda zake.

Kwetu hiyo ni heshima. Kumbe kwa watu wa huku inaonekana ni vita.

Msimamizi wetu anaitwa Bwana Mathew, Mhindi mpole ambaye hapendi kelele. Siku moja aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, wewe na mzee mna kesi gani? Ni shamba?" Nikashindwa nicheke ama nilie. Nikamweleza yote, habari ya mkono, ya kiti, ya mahali pembamba. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hakuelewa hata kidogo. Alijiambia moyoni kwamba siku akipata nafasi atatupatanisha.

Nafasi ikaja na ile amri. Wakubwa wa usalama wa ndege waliagiza kwamba kila ndege ya aina fulani, popote ilipo duniani, isiendelee kubeba watu mpaka mkia wake ukaguliwe na sehemu nyingine zibadilishwe. Nikueleze kwa urahisi. Kule mkiani kuna mbawa mbili ndogo, na nyuma yake kuna vipande vinavyopanda na kushuka. Hivyo ndivyo huinua pua ya ndege ama kuishusha. Vinasukumwa na mikono ya chuma iliyoshikwa na boliti. Kwenye ndege chache boliti za zamani zilionekana zinalika, kwa hivyo zote zitolewe, ziwekwe za aina mpya. Si ombi. Usipofanya, ndege inakaa chini.

Na kazi hiyo ina sharti lake. Ukigusa chochote kinachoongoza ndege, lazima mtu wa pili, ambaye hakushika spana, aingie aangalie kwa macho yake na mkono wake, kisha atie sahihi. Haijalishi wewe ni fundi wa miaka mingapi. Hata mkubwa wa hanga akikaza nati moja, kuna mtu atakuja nyuma yake.

Bwana Mathew akapanga majina. Fundi, Baba Mdogo. Mtu wa pili, mimi. Akanitabasamia vile mtu hutabasamu akikupa zawadi. Nilijaribu kumwomba abadilishe. "Hapana, hapana," akasema, "itawasaidia." Bana, ungeona uso wangu.

Baba Mdogo akachukua kisanduku chake. Alipanda mkiani na vifaa vyake asubuhi, akafanya kazi peke yake, taratibu kama kawaida yake. Alipomaliza nikajibanza kando ya gurudumu mpaka aliposhuka ngazi na kwenda mbali kidogo, akasimama na wengine akifuta mikono. Ndipo nikapanda.

Ndani ya mkia ni padogo kama ile stoo yetu ya mbegu, unaingia umejikunja. Nikawasha tochi nikaanza. Kila boliti ina nati yenye meno, na katikati ya meno hayo inapita pini, miguu yake inakunjwa ili nati isilegee. Ni ile pini mafundi wa matrekta hapo Kitale huita spliti. Nikashika ya kwanza, nikaitikisa, iko imara. Ya pili, imara. Baba Nafula, huyu baba yako mdogo ni fundi. Miguu ya zile pini ilikunjwa safi mpaka nikaona fahari, nikasema moyoni, huyu ndiye mzee wetu.

Nikafika ile ya mwisho upande wa kushoto, iliyojificha nyuma ya bomba. Nati imekazwa. Tundu liko wazi. Pini hakuna.

Nilipapasa tena na kidole. Nikazima tochi nikawasha, kana kwamba tochi ndiyo ilikuwa inadanganya. Hakuna. Nati bila pini haifunguki siku hiyo, wala kesho yake. Ndege inatetemeka kidogo kidogo, safari baada ya safari, nayo inajizungusha kidogo kidogo, mpaka siku rubani anavuta usukani na mkia haumsikii. Na nyuma yake kuna watu wamefunga mikanda, wengine wana watoto kama Nafula.

Sasa sikiliza hapa, kwa maana ndipo nilipoumia. Mfukoni nilikuwa na pini. Za saizi ile ile. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni kabla akili haijasema kitu. Ningeitia, niikunje, nishuke, nitie sahihi, na heshima ya mzee ibaki palepale. Mkamwana mwenye adabu si angefanya hivyo? Mama yako angenisifu. Lakini nikajiuliza, nikiitia mimi, mimi nitaangaliwa na nani? Na yeye atajuaje? Kesho atapanda mkia mwingine, na huko sitakuwa mimi.

Nikatoa mkono mfukoni, nikashuka.

Kama ningekuwa binti yake wa kuzaa ningemkaribia nimnong'oneze sikioni, yaishe. Lakini nani amewahi kumnong'oneza baba mkwe? Nikasimama mbali vile inavyotakiwa, na kwa sababu ya kusimama mbali ikanibidi nipaze sauti. Mafundi wote walikuwa hapo. "Baba," nikasema kwa Kiswahili, "naomba uangalie tena ile ya mwisho upande wa kushoto. Haina pini."

Akanitazama. "Niliweka."

"Baba, hakuna."

"Mimi nilianza kuweka pini kabla wewe hujaolewa."

Kuna kijana wa Mombasa hapa, Salim, mdomo wake hauna mlango. Akaangua kicheko, halafu akawatafsiria wote waliobaki. Hanga zima likageuka. Maneno yalishatoka. "Baba, mimi siwezi kutia sahihi."

Hakuna aliyecheka tena. Bwana Mathew akapanda mwenyewe, akakaa kidogo, akashuka, akamwambia mzee kwa upole, "Tafadhali, rudi juu." Baba Mdogo akachukua pini moja, akapanda. Alikawia. Aliposhuka nikapanda tena, nikaikuta imewekwa, imekunjwa vizuri. Nikatia sahihi. Yeye alikuwa ameshaondoka na kisanduku chake.

Salim akaniambia, "Mama, leo umemlipizia mzee." Kumbe wote walidhani hivyo. Walikuwa wamekwisha amini tuna ugomvi, sasa wameuona kwa macho. Nilieleza, nikaeleza, hata zile pini za mfukoni nikazionyesha, hakuna aliyesikia. Hata Bwana Mathew alinitazama kama mtu aliyepanda maua akavuna miiba. Nilikwenda chooni nikajifungia nikalia.

Siku zilizofuata ndizo ulizonipigia na mimi nikasema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuwa nasema "Mulembe, baba" na yeye anapita kama hakusikia. Niliogopa atapiga simu Tongaren. Niliogopa mama yako atasema, tulimpeleka huko aende kuwaaibisha wazee wetu? Na zaidi ya yote nilikuogopa wewe. Huyu ndiye aliyekununulia viatu vya kwanza vya shule. Ukiambiwa mke wako amemkatalia mbele ya watu, ungesimama upande gani? Nilijiuliza hivyo nikifua nguo, nikipika, nikipanga foleni ya basi la kazini. Sikutaka kukuweka katikati uchague kwa simu.

Kisha ikaja siku ya mkutano wetu wa asubuhi, ule wa kila wiki kabla ya kazi. Bwana Mathew alimaliza matangazo yake, watu wakaanza kutawanyika, Baba Mdogo akanyoosha mkono.  Nikajua sasa anaomba ahamishwe, ama anaomba mimi nirudishwe nyumbani.

Yeye si mtu wa hotuba, unamjua. Alisimama akiangalia viatu vyake.

"Nilisema niliweka pini," akasema. "Sikuweka. Niliona kivuli nyuma ya bomba, nikadhani ndiyo yenyewe. Macho yangu yamechoka. Nimekuwa nikisoma karatasi nimezishika mbali, ninyi mnadhani ni madaha."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Na huyu mama. Mnasema ananichukia. Huyu ni mke wa kijana wangu. Kwetu hanipi mkono, hakai nilipokaa, akiniona anapisha. Hiyo yote ni heshima. Mimi ndiye sikumheshimu, anasalimia mimi napita. Pini alikuwa nazo mfukoni. Angeitia anyamaze, mngejua? Ningejua? Ningeendelea hivyo mpaka siku moja tusikie habari mbaya kwa redio." Akainua macho kwa Bwana Mathew. "Nilikasirika. Hasira imeisha. Bwana Mathew, nikishapimwa macho, kazi yangu ya mkia nataka iangaliwe na yeye. Si mwingine."

Bwana Mathew akauliza, taratibu kabisa, "Lakini hamuwezi kuwa ndani pamoja, sivyo?"

"Mimi nitatoka," akasema Baba Mdogo, "yeye ataingia."

Hapo hanga lilicheka, na mimi nikacheka na machozi yakitoka, sikujali nani ananiona. Salim alikuja kuniomba msamaha na chapati mbili. Nilizila zote.

Walirudia kuangalia kazi zote alizofanya mzee miezi ya karibuni, maana ndivyo inavyotakiwa. Zote zilikuwa salama. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Bwana Mathew hakumfukuza wala kumkaripia. Alimwambia achukue likizo, aende nyumbani apimwe macho, arudi na miwani. Ndiyo maana yuko mlangoni kwako leo.

Jioni ya siku ile ya mkutano, nikipanga vifaa, nilimwona anakuja. Nikarudi nyuma kama kawaida. Alikuwa na kile kioo chake kidogo chenye mpini mrefu, kama cha daktari wa meno, anachotumia kuona nyuma ya vitu. Ulikiona likizo iliyopita, alikuwa anakifuta na leso. Akakiweka juu ya meza ya spana, akarudi nyuma hatua chache, akasimama.

"Chukua. Kinaona nyuma ya mabomba."

Nikasogea nikakichukua. Hatukushikana mikono, Baba Nafula, lakini nilihisi kama amenishika. Nikamwambia, "Asante, baba." Akaniambia, "Mulembe, mama." Huyo, akaenda zake. Kioo kiko mfukoni mwangu sasa ninapoandika.

Kwa hivyo naomba mambo haya. Mpeleke kwa daktari wa macho hapo Kitale kabla hajaenda Tongaren, kwa sababu akifika Tongaren atashika jembe na hutamwona tena. Atakuambia miwani ni ya makarani. Usimsikilize. Na akiwa huko, mwombe amwambie mama yako yeye mwenyewe habari ya pini, kwa kinywa chake, kabla Tongaren haijapata toleo la Salim.

Mwambie mama yako namsalimu kwa magoti, na kwamba mafunzo yake nimeyashika. Hata Wahindi sasa wanayajua. Mama yangu pale Kamukuywa mpelekee sukari na umwambie binti yake ni mzima. Msalimie Mama Zuhura, na umwombe kwa jina langu awe akimsuka Nafula siku za Ijumaa kabla mambo hayajaharibika zaidi. Na Nafula mwenyewe mkumbatie kwa nguvu, umwambie mama ana kioo kidogo cha kuonea nyuma ya vitu, na nikija atakishika.

Ninamaliza, kwa maana kesho anasafiri na bahasha lazima niiweke mezani aikute.

Nikuambie tu moja la mwisho. Ndege iliyopangwa kwenda Nairobi ni ile ile ya pini. Bwana Mathew alimtafutia kiti kizuri mbele, penye nafasi ya miguu. Baba Mdogo alikataa. Akaomba kile cha nyuma kabisa, karibu na mkia, mahali panapotikisika na hakuna anayepapenda. Bwana Mathew akamwuliza kwa nini ajitese.

Akasema, "Niweke pale mke wa kijana wangu ameangalia."

Mkeo anayekushukuru wewe na nyumba uliyomwingiza,

Mama Nafula